Kigoda Kushoto kwa Cherehani

Karakana yetu ilikuwa ya mahema. Cherehani kumi na mbili zilikuwa zikinguruma humo tangu asubuhi, lakini turubai lina tabia ya kumeza sauti, kwa hiyo ukiingia kutoka barabarani ulihisi umetumbukia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Mahema yaliyokwisha shonwa tuliyaning'iniza kwenye nyaya juu ya vichwa vyetu, ya kijani, ya kahawia, mara moja moja la buluu, na jua lililopita kwenye madirisha ya juu lilitufikia likiwa limekwisha badilika rangi. Asubuhi sote tulikuwa kijani. Mchana tulikuwa kahawia. Nimetembea sana tangu wakati huo, nimelala kwenye vyumba ambavyo hata milango yake sikumbuki ilikuwa upande gani, lakini nuru ile sijaipata tena.

Ninayetaka kumweleza ni mke wa marehemu kaka yangu. Alikuwa mkaguzi wa mishono hapo kwa zaidi ya miaka ishirini, na jina lake la kazini lilikuwa Mama Kigoda. Mimi mwenyewe niliingizwa kazi na yeye. Kaka alipofariki nilikuwa natangatanga tu, leo hapa kesho pale, akaniambia, "Shemeji, badala ya kunyeshewa na mvua za watu, njoo kwetu unyeshe wewe."

Nikadhani ananitania, maana kati yangu na yeye utani haukukatika hata msibani. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kila hema lililokamilika lilisimamishwa uani, mimi napanda ngazi na mpira wa maji, nalimwagia robo saa nzima, na mtu anakaa ndani akitazama kama linavuja. Kwenye kadi yangu waliandika kibarua. Lakini kwa miaka saba mimi nilikuwa mvua.

Sasa jinsi Mama Kigoda alivyokagua. Alipita kati ya cherehani taratibu, mikono nyuma, akishika pindo hapa, akipapasa mshono pale, kama mtu anayepita sokoni asiye na haja ya kununua. Akikuta kosa hakusema kitu. Alirudi kwenye kona yake, akachukua kigoda chake cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa, akakiweka kushoto kwa cherehani ya mwenye kosa, akaketi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mama."

"Nimeota ndoto."

"Ndoto gani tena, Mama?"

"Nimeota nimekwenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka namkuta anapima mawingu. Anakata wingu kwa mkasi, analikunja, analifunga kwenye gazeti. Nikamwambia, mimi nataka chumvi, baba. Akasema chumvi imekwisha, chukua hili, nalo lina chumvi kidogo."

Fundi anacheka, mguu wake unapungua kasi kwenye kanyagio. Akiwa anasikiliza, vidole vyake vinaanza kurudi nyuma kwenye mshono, vinapapasa, vinapapasa, mpaka vinafika mahali. Anasimamisha cherehani. Anatazama. Anachukua kiwembe na kuanza kufumua kimyakimya. Mama Kigoda anainuka, anachukua kigoda chake. "Haya, mwanangu. Kazi njema." Basi. Kosa halikutajwa, jina halikutajwa, na jirani wa cherehani ya pili anaweza kuapa kwamba hapo palisimuliwa ndoto tu.

Ingawa kila mtu alijua. Kigoda kikikaa kushoto kwako, una kosa. Asiye na kosa hakuwahi kukaliwa na Mama Kigoda, na ndiyo maana wakati wa chai alikuwa anakula peke yake kwenye kona. Hakuna aliyethubutu kumkaribisha karibu. Nilimuuliza kama haoni upweke. Akasema, "Nina ndoto zangu, shemeji. Wewe una nini?"

Ndipo akaja meneja mpya. Mwenye karakana alikuwa amezeeka, macho yamechoka, akamwajiri mtu kutoka nchi za mbali zenye baridi, mrefu, mwenye shingo nyekundu, aliyejifunza lugha yetu vizuri kabisa. Maneno yote alikuwa nayo. Alichokosa ni vile vitu vinavyowekwa kati ya maneno ili yasigongane. Siku ya kwanza alisimama mbele ya Fundi Mrefu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi bora kupita wote, akashika turubai akasema, "Hii imepinda. Ni mbaya. Fumua."

Cherehani zote kumi na mbili zilinyamaza.

Hakusema kwa hasira, hilo nataka nilieleze vizuri. Alisema kama mtu anavyosema leo ni Jumanne. Kisha akaenda zake kunywa maji. Kufikia saa sita alikuwa amekwisha pewa jina: Nyundo.

Kesho yake Nyundo akaweka ubao mweusi karibu na mlango, juu yake ameandika kwa chaki MAKOSA YA LEO, na chini yake: Fundi Mrefu, mshono umepinda, sentimita nane. Fundi Mrefu akausoma mara moja, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani kuumwa tumbo. Aliumwa siku mbili. Wiki hiyo wengine waliumwa jino, mgongo, na mmoja aliumwa na mama mkwe, yaani mama mkwe ndiye aliyeugua lakini ikabidi na yeye alale.

Nyundo akaja kwangu uani, akasimama chini ya ngazi. "Bwana Mvua. Watu hawa wana maradhi mengi. Kwa nini?"

Nilikuwa nimekaa juu, mpira mkononi, jua linapiga kwenye matone. Nikamwambia, "Hali ya hewa, bwana."

"Si kweli. Niambie ukweli."

Nikazunguka kidogo kwa maneno. Nikazunguka tena. Mwisho nikasema, "Bwana, huku kwetu mtu hukaa kwanza. Anachukua kiti, anakaa karibu na mwenzake, wanazungumza. Mtu hasimami tu akamwangushia mwenzake neno kichwani."

Akafikiri. Uso wake ulikuwa uso wa mtu mwema, na sikuwa nimeutazama vizuri mpaka siku hiyo. Akasema, "Kwetu, ukiniona nina jani la mboga kwenye jino ukanyamaza, wewe si rafiki yangu. Baba yangu alikuwa fundi wa saa. Kila jioni mezani kila mtu alisema kosa lake la siku hiyo na kosa la aliyekaa karibu naye. Kisha tunakula. Hakuna aliyelia."

"Hata mama?"

"Mama ndiye alikuwa anaanza."

Tukacheka wote wawili. Lakini shauri langu lile lilileta balaa, maana Nyundo alikuwa mtu wa kushika neno. Asubuhi iliyofuata aliingia, akatazama huku na huku, akakiona kigoda kwenye kona, akakichukua. Akakiweka kushoto kwa cherehani ya Fundi Mrefu. Akaketi, magoti yamefika karibu na masikio.

"Hujambo, Fundi?"

Fundi Mrefu akageuka rangi. "Si... sijambo, bwana."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bwana." Vidole vyake vilikuwa tayari viko kwenye mshono, vinatafuta.

"Vizuri. Mimi pia sijambo." Nyundo akatabasamu, akiwa ameridhika na mazungumzo. Alikuwa amekuja kumsifu, tulikuja kujua baadaye. Paa lile la hema lilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuona, na alitaka kulisema hilo akiwa amekaa, kwa heshima ya kwetu. Lakini kabla hajafika kwenye sifa aliitwa kwenye simu, akainuka, akaondoka.

Fundi Mrefu alitafuta kosa mpaka mchana. Hakuliona. Kwa kuwa hakuliona, akaamua lazima liwe kubwa sana, na akafumua paa lote. Nyundo aliporudi alimkuta amekaa katikati ya vipande vya turubai kama mtu aliyevunjikiwa na chombo baharini, uzi umemzunguka mpaka kiunoni.

"Umefanya nini?"

"Nimefumua, bwana."

"Ilikuwa nzuri!"

"Ndiyo, bwana," alisema Fundi Mrefu, na machozi yalikuwa karibu. "Ndiyo maana imenichukua muda mrefu."

Hapo ndipo Nyundo akauliza habari za kigoda, na akaelezwa, na akamwita Mama Kigoda mbele ya meza yake. Mimi nilikuwa dirishani nakunja mpira, nikasikia yote.

"Kazi yako ni nini, mama?"

"Nakagua, bwana."

"Karatasi zako za ukaguzi ziko wapi?"

"Sina karatasi, bwana. Nakaa."

"Unakaa."

"Nakaa nao."

Nyundo akajikuna kichwa. "Mama, sikuchukii. Nakuambia wazi ili ujue. Mtu wa kukaa na kusimulia ndoto simhitaji. Mkaguzi namhitaji. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Uje uniambie kosa moja kwa mdomo wako: kosa gani, liko wapi, la nani. Moja tu. Ukiweza, utabaki. Ukishindwa, itabidi nikuachishe kazi."

"Nimesikia, bwana. Ahsante."

Alitoka akanipita bila kunitazama. Nyumba yake yote ilikuwa imesimama juu ya miguu mitatu ya kigoda kile. Kulikuwa na binti yake anayesomea uuguzi, mwaka wa pili, na zaidi ya hapo kulikuwa na yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na nne asiyejua kazi nyingine ila kugusa kitambaa na kumwachia mtu heshima yake.

Jumamosi nikaenda kwake. Tukakaa barazani, binti anachambua mchele kwenye sinia, mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye ukingo wa paa. Nikasema, "Shemeji, ni jambo dogo hili. Tufanye mazoezi. Niambie mimi kosa langu, wazi, kama Nyundo."

Akanitazama. Akavuta pumzi. "Shemeji."

"Naam."

"Shemeji, wewe... miguu yako haijambo?"

"Hilo si kosa."

"Ngoja. Shati lako hilo..." Akafumba macho. "Shati lako hilo lina furaha sana."

Binti akaangua kicheko mpaka mchele ukamwagika. "Mama! Mwambie tu anakuja kila wakati wa chakula na mpaka leo hajaoa!"

"Wee! Adabu iko wapi? Huyu ni baba yako mdogo!"

"Si umeambiwa useme ukweli?"

"Ukweli wenyewe anaujua," alisema Mama Kigoda. "Mtu anajua anapovuja. Ukimtajia, unamwongezea aibu, tundu linabaki palepale. Ukikaa naye, mkono wake unafika." Akaokota punje za mchele moja moja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, na mimi kosa ninalo. Tangu wiki iliyopita ninalo, moja, kubwa. Shida ni mwenyewe."

Akanieleza. Nyundo alikuwa amebadilisha sindano. Alitaka kazi iende mbio, akaagiza sindano nene na kuamuru hatua ndefu za mshono, kwa mahema ya kijani ya oda kubwa. Mama Kigoda alishika pindo moja, akalinyanyua kuelekea dirishani, akaona matundu kwenye mstari, nuru inapita katika kila moja, kama nyota. Uzi mwembamba, tundu kubwa. Mafundi wote walikuwa wamekwisha ona. Nyundo alipowauliza, "Sindano mpya iko sawa?" mmoja alisema, "Tutaizoea," mwingine akasema, "Ina nguvu sana, bwana," na Fundi Mrefu akasema, "Kila sindano ina mambo yake." Nyundo akaandika kwenye daftari: wamekubali.

"Basi si umepata!" nikasema. "Mwambie hilohilo."

"Nimwambie bosi, machoni pake, kwamba amekosea yeye?" Akanitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani. "Nitafanya ninavyojua."

Jumanne akachukua kigoda chake, akapita katikati ya karakana nzima, cherehani zinanyamaza moja baada ya nyingine, akaingia ofisini. Akakiweka kushoto kwa meza ya Nyundo. Akaketi.

"Hujambo, bwana?"

"Sijambo. Umekuja na kosa?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu nzuri."

"Nimeota ndoto, bwana. Nimeota ndege wanatembea kwa miguu barabarani, kila mmoja na begi lake. Nikawauliza, jamani, mbona hamruki? Wakasema, leo tumechoka, mama, acha tu."

Nyundo akaweka kalamu chini. "Mama, nina kazi. Unataka nini?"

"Sitaki kitu, bwana."

"Basi kwaheri."

Hakuondoka. Alikaa mpaka kengele ya chai. Jumatano alikaa tena, akasimulia nyumba yenye ngazi iliyokuwa inashuka tu bila kufika chini. Alhamisi alikaa tena. Nje sisi tulikuwa tumepooza. Bosi mzima kukaliwa na kigoda siku tatu! Hata Fundi Mrefu, aliyekuwa na kinyongo, alisema, "Maskini Nyundo. Mimi siku moja tu nilifumua paa." Lakini Nyundo aliendelea kuandika, mkono wake hauendi kokote, haupapasi kitu, na jioni ya Alhamisi alimwambia kwa upole, "Kesho ni Ijumaa, mama. Pole sana."

Ijumaa mahema ya kijani yalikuwa yapelekwe. La kwanza lilisimamishwa uani kwa ajili ya mvua yangu, na anayekaa ndani siku zote alikuwa Mama Kigoda. Safari hii nikamwona anakuja na kigoda chake mkono mmoja, na stuli ya ofisini mkono wa pili, na Nyundo nyuma yake.

"Kwa nini niingie?" alikuwa anauliza.

"Unisindikize tu, bwana. Kama ni siku yangu ya mwisho."

Wakaingia. Nikapanda ngazi. Nikafungua maji.

Sijui kama umewahi kutazama hema kutoka juu likiwa limelowa. Turubai linakuwa zito na laini, linameta, na walio ndani unawaona kama vivuli, kama samaki kwenye maji yasiyo na haraka. Niliona kivuli kirefu na kivuli kifupi, vimekaa, kifupi kushoto kwa kirefu. Maji yalikuwa yakivuma juu ya kitambaa, na chini ya mvumo huo nikasikia sauti ya shemeji yangu.

"Jana nimemwota marehemu mume wangu, bwana. Amekuja amelowa. Nikamuuliza, mvua imenyesha wapi? Hajibu. Namfuta kwa taulo, analowa tena. Namfuta, analowa. Lakini anatabasamu tu, kama mtu aliyetoka safari njema."

Yule alikuwa kaka yangu. Mimi sikuwahi kumwota hata mara moja; nikawaza, kumbe huwa anakwenda kwa mkewe.

Kivuli kirefu kikasogea. Tone limemwangukia. Akahamisha stuli, akakaa. Baada ya muda akahama tena. Mara ya tatu akasimama. "Linavuja!"

Kidole chake kikapanda juu.

"Hapa linavuja, na hapa, na hapa. Nani ameshona hili?"

Maji tu.

"Mama. Leo ni Ijumaa. Nani?"

Nikaona kivuli kifupi kinainuka polepole kutoka kwenye kigoda. Kwa miaka yote sikuwahi kumwona akizungumza na mwenye kosa amesimama. Alipozungumza sauti yake ilikuwa nyembamba, si yake, kama ya mtoto anayesoma kwa sauti darasani.

"Mshonaji hana kosa. Kosa ni lako. Sindano uliyoleta ni nene. Hatua ya mshono ni ndefu. Tundu ni kubwa kuliko uzi, maji yanapita. Mahema kumi na moja yako hivyo. Tulijua tangu siku ya kwanza. Ni wewe."

Mpira ulinitoka mkononi, ukajinyonganyonga uani kama nyoka, ukamlowesha mlinzi. Sikujali. Nilikuwa nasubiri mbingu ianguke.

"Ahsante," alisema Nyundo.

Nikashuka ngazi mbili mbili, nikachungulia mlangoni. Alikuwa amesimama, maji yanamchuruzika puani, uso hauna hata chembe ya hasira. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa ameng'ang'ania nguzo ya hema.

"Lakini kwa nini hukuniambia Jumanne?" aliuliza Nyundo.

"Nilikuambia, bwana. Nilikaa."

Akamtazama. Akakitazama kigoda. Niliona jambo lile linamwingia, linashuka taratibu, kama maji yanavyotafuta njia kwenye kitambaa. "Siku tatu," akasema. "Ulikuwa unaniambia siku tatu."

"Ndiyo, bwana."

"Na wale ndege wenye mabegi? Walikuwa na maana gani?"

"Hawakuwa na maana, bwana. Ilikuwa ndoto tu."

Nyundo akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kwenye kigoda, si kwenye stuli yake, magoti masikioni. Kisha akainuka, akaingia karakana akiwa amelowa vile vile, akachukua chaki. Chini ya MAKOSA YA LEO akaandika: Mimi. Sindano. Mahema kumi na moja.

Hatukujua pa kuweka macho. Kumwona mtu mzima anajivua heshima mbele za watu namna ile! Akina mama waligeukia ukutani. Fundi Mrefu alivumilia hadi Nyundo alipoingia ofisini, akaenda kwenye ubao akaufuta kwa mkono wa shati lake, akarudi kukaa.

"Nani amefuta?" aliuliza Nyundo alipotoka.

Hakuna aliyejua.

"Lakini ni kosa langu. Nataka lionekane."

"Chaki siku hizi ni mbaya, bwana," alisema Fundi Mrefu. "Inapotea yenyewe." Na tangu siku hiyo hakuumwa tumbo tena.

Mahema kumi na moja yalifumuliwa na kushonwa upya kwa sindano ya zamani. Yalichelewa siku tisa, na mwenye oda alipopiga simu Nyundo alimwambia waziwazi kwamba yalikuwa mabaya na mbaya alikuwa yeye. Mama Kigoda alibaki kazini. Ila maneno yale yalimgharimu: Jumamosi hadi Jumatatu alilala na homa, na mimi nikampelekea uji. "Lile neno limenikwaruza njiani likitoka," alisema, ameshika koo.

Baadaye walipatana, bila kukaa kikao. Kwa mafundi alikaa kama zamani, na ubao ule tukauwekea orodha ya zamu za kufagia. Kwa Nyundo alisimama mlangoni, macho yake ameyaelekeza kwenye kalenda ya ukutani, akasema haraka haraka, "Bwana, umekosea vipimo vya milango," halafu akaenda kunywa maji. Nyundo naye akajifunza kidogo. Alikuwa akisema, "Fundi, habari za nyumbani, hii imepinda." Yote kwa pumzi moja. Tulimshukuru kwa juhudi.

Mimi niliondoka mwaka uliofuata; miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha, na mvua haikai mahali pamoja. Nyundo alikaa miaka minne kwa jumla. Siku yake ya mwisho pale nilisimuliwa na shemeji mwenyewe, mwaka juzi nilipopita kwake, amekwisha staafu, kigoda kiko barazani na paka juu yake. Binti ni muuguzi siku hizi, na bado ananiuliza kama nimeoa.

"Ilikuwa siku yake ya kuondoka," alinisimulia. "Nipo kwenye kona yangu naupaka uzi nta. Namwona anakuja na stuli. Anaiweka kushoto kwangu. Anakaa. Shemeji, moyo ulinipasuka. Miaka ishirini na tatu ya kazi pale, sijakaliwa hata siku moja. Nikasema, nimekosa nini mimi?"

"Akasema nini?"

"Akasema, nimeota ndoto. Yeye! Akasema ameota anarudi kwao, mama yake anafungua mlango, lakini ndani ya nyumba kote ni rangi ya kijani. Akaishia hapo. Hakujua kuimaliza, kasimulia vibaya, maskini. Na mimi vidole vyangu viko kwenye uzi, nautafuta mwanzo hadi mwisho, wapi nta haikushika, wapi umelegea. Nautafuta, sioni. Narudia, sioni."

Mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka, kama zamani.

"Nikamtazama usoni. Macho yamejaa machozi. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna kosa. Basi nikauweka ule uzi chini, shemeji. Nikamwambia, lete tena hiyo ndoto, baba, anzia mlangoni."